Umemnyolea Nani?

Mwone kwanza akifika. Ni Alhamisi asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya chai ya Kianyaga, na kwenye lango la hospitali ndogo ya misheni anaingia mwanamke mrefu, mwembamba. Amefunga kitambaa cha kahawia mpaka kwenye nyusi, juu ya kitambaa amevaa kofia ya sufu, na juu ya kofia amejitanda leso. Ungemwona ungesema huyu baridi imemwingia mifupani. Sasa tazama nyuma yake. Upande wa pili wa njia, mbali naye kiasi kwamba mtu angeweza kupita katikati yao akiendesha ng'ombe, anakuja mama mzee aliyevaa koti la mwanamume na kushika fimbo. Hawasemezani. Mzee akikohoa, yule mrefu anashtuka. Mrefu akisimama, mzee naye anasimama.

Mrefu anaitwa Ntinyari. Mzee ni mama mkwe wake, Wakonyo. Wametoka Mweiga kabla ya jua, wamebadilisha gari Nyeri, wakabadilisha Karatina, wakabadilisha tena Kutus, na katika magari yote hayo Wakonyo alikataa kuketi kiti kimoja na mke wa mwanawe. Wamekuja kumtafuta daktari mmoja, lakini hawamtafutii jambo moja. Ntinyari anataka kujua nywele zake zimekwenda wapi. Wakonyo anataka kujua kama kichwa kile ni laana juu ya mwanawe. Na kule nyumbani, watoto wawili wa Ntinyari wanalala kwa huyu huyu Wakonyo, bibi yao, na hawatarudi kwa mama yao mpaka swali la mzee lijibiwe.

Nitakueleza toka mwanzo, polepole, maana jambo hili ukilishika mkia tu litakuponyoka.

Ntinyari alizaliwa Nkubu, upande wa Meru, kwenye migomba. Wahome, mwana wa Wakonyo, alikuwa dereva wa lori, akipeleka kabichi na viazi vya Mweiga mpaka Isiolo na Marsabit, na kila akirudi alizunguka mlima apitie soko la Nkubu kununua ndizi. Ndizi zikawa nyingi kuliko tumbo la mtu mmoja. Mwishowe akarudi na muuzaji.

Kule Mweiga, kwenye baridi ya kupasua midomo, majirani walimwita Mmeru. Alipozaa mvulana, akaitwa Mutahi kwa jina la babu yake, nao wakaanza kumwita Mama Mutahi, akawa mtu wa pale. Kisha akazaa msichana, naye akapewa jina la bibi yake, Wakonyo, kama desturi inavyotaka. Sasa, mke atamgombezaje mtoto kwa kulitaja jina la mama mkwe? Haiwezekani. Nyumba nzima ikamwita mtoto Shosho, yaani bibi. "Shosho, toka kwa matope! Shosho, nani amekula sukari?" Wakonyo mkubwa alikuwa akiyasikia hayo kutoka jikoni kwake, anacheka mpaka anafuta macho kwa leso.

Walipendana hawa wawili, nataka ulijue hilo. Ntinyari akikamua ng'ombe, Wakonyo alimshikia ndama.

Balaa lilianza na kitu kidogo kama sarafu. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua ndefu zilikuwa zimekawia. Ntinyari alikuwa akipeleka maziwa Nyeri kwa rafiki yake Rukaya, mwanamke Mwislamu wa Majengo aliyepika chai na mahamri ya kuuza. Siku za kazi haba Rukaya alimkalisha kwenye kigoda na kumsuka. Siku hiyo vidole vya Rukaya vikasimama.

"We, Mama Mutahi! Kwenu kuna panya?"

"Panya wa nini?"

"Basi nani amekula hapa nyuma? Iko laini kama sahani."

Wakacheka. Rukaya akazisuka nywele za kando zikafunika pale, yakaisha. Lakini Ntinyari alipofika nyumbani, mkono wake ulikwenda nyuma ya kichwa wenyewe, kama ulimi unavyokwenda kwenye pengo la jino.

Sarafu ikazaa sarafu. Alikwenda kwa mwenye duka la dawa, mtu wa koti jeupe, ambaye alimtazama kichwa kutoka upande wake wa kaunta bila kukigusa. "Ni choa hiyo. Watoto wa shule wanakuwa nayo sana." Akampa dawa ya kupaka, yenye harufu kama ya matairi. Akapaka. Nywele zikazidi kutoka. Akaenda kwenye zahanati, muuguzi akamvuta kope la chini, akasema damu iko chini, akampa vidonge vya kuongeza damu. Akameza. Nywele zikazidi kutoka. Asubuhi alizikuta kwenye mto kama sufu ya kondoo iliyonaswa kwenye ua. Kuzitupa nje aliogopa, maana nywele za mtu hazitupwi ovyo, ndege anaweza kuzijengea kiota. Akawa anazikunja kwenye karatasi na kuzitia motoni. Wakonyo akauliza kutoka nje, mbona kunanuka?

"Nimebabua kuku, Maitu," akajibu; ndivyo kule wanavyosema mama.

Shosho mdogo, mwenye masikio ya sungura, akasimama mlangoni. "Kuku yuko wapi?"

Hapo ndipo Ntinyari alipoanza kuogopa hasa. Miaka ile, wewe unakumbuka au umesimuliwa, mtu akikonda au nywele zikimnyonyoka, watu walikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kumpa, na jina lake hawakulitaja, walinong'ona na kutazama kando. Na yeye mume wake alikuwa dereva wa safari ndefu, mwaka ule akibaki kaskazini miezi mizima. Alikuwa akikamua huku akiwaza nani atawalea watoto, mpaka ng'ombe anageuza kichwa kumtazama kwa nini mikono imesimama.

Akarudi kwa yule wa duka la dawa. Safari hii alifungua kitambaa chote. Vilibaki vishungi vichache tu, nyuma na juu ya sikio.

"Aa," akasema yule mtu. "Dawa haifiki kwa ngozi. Nyoa hivyo vilivyobaki, upake ngozi tupu."

Yule alikuwa mtu wa kutoka mbali, naye Ntinyari alikuwa wa Nkubu. Hakuna kati yao aliyefikiria neno moja ambalo mtoto wa kigongo kile, kilima cha kina Wahome, angelifikiria upesi. Kule, mwanamke kukata nywele fupi si kitu. Wasichana wa shule wanakatwa, mama akichoka na kitana anakata. Lakini mke wa mtu kupitisha wembe mpaka ngozi ing'ae, huyo ana maiti. Anayenyoa hivyo ni mjane. Na mke akinyoa hivyo mumewe akiwa hai, wazee walisema amemtangulizia msiba, amemfungulia kaburi mlango. Siku hizi za kanisa hawalisemi kwa sauti, lakini hawajalisahau. Na mwanamke aliyekuwa akiitwa kuwanyoa wajane wa kigongo kile, miaka mingi kabla hajaokoka, ni Wakonyo.

Ntinyari alichukua wembe na kioo, akaingia zizini mchana, mahali ambapo watoto hawangemwona. Alikuwa amemaliza nyuma, anageuza sikio, Wakonyo akaingia kumletea ndama majani.

Mzee alisimama. Majani yakamwanguka yote. Alitazama kichwa, akautazama wembe, akakitazama kichwa tena.

"Umemnyolea nani?"

"Maitu, si..."

"Nimekuuliza umemnyolea nani! Wahome amekufa? Uliletewa habari ukanificha?"

"Hajafa, Maitu! Nywele zinaanguka zenyewe! Ni ugonjwa. Njoo, gusa hapa, gusa uone!"

Akamwendea ameinamisha kichwa. Wakonyo akaruka nyuma kama mtu aliyekanyaga siafu, mgongo ukagonga boriti. Kwa sababu kichwa kilichonyolewa kwa msiba, alivyofundishwa yeye na waliomfundisha kazi hiyo, hakiguswi na mwenye watoto hai mpaka nywele zirudi. Atakayekigusa atakwenda na ule msiba kwake.

"Usinikaribie na hiyo! Mtoto wangu yuko kwa barabara ya wale majambazi wa Marsabit, lori zinakwenda na askari, na wewe unamnyolea hapa kwa ng'ombe?"

Jioni hiyo mzee alikuja mlangoni akawaita wajukuu wake. Mutahi alikwenda akitazama nyuma. Shosho alikataa, akabebwa. "Mpaka nijue ni kichwa ya nini hiyo," Wakonyo alisema bila kuvuka kizingiti, "hutawapikia."

Na kigongoni habari ilikwisha kutoka. Wakonyo hakuwa mtu wa umbea, lakini hofu ikimzidi mtu mdomo unavuja. Alimwambia mmoja kisimani. Kesho yake wanawake wa kikundi cha kanisa wakipita mbele ya boma la Ntinyari walivuka upande wa pili wa njia. Dereva mmoja akapita na kusema alimwona Wahome Marsabit, mzima, anakula nyama. Ungedhani hilo lingemaliza. Mwanamke mmoja akatingisha kichwa. "Laana haina haraka," akasema, "inajua mahali inakwenda."

Ntinyari alikaa na baridi yake. Nyumba bila watoto ina sauti mbaya, sufuria ndogo haina kazi. Aliwaona watoto kupitia juu ya ua wa michongoma wakipelekwa kuchuma mboga, Shosho anampungia mkono, bibi yake anaushusha ule mkono.

Ni Rukaya aliyempa njia. "Shangazi yangu alitoka mabaka meupe mikononi," akamwambia, "tukaambiwa ni ukoma, tukalia. Kumbe kuna daktari wa ngozi, anakuja Kianyaga siku ya Alhamisi, kwa ile hospitali ya masista. Ngozi ndiyo kazi yake, na nywele ni mtoto wa ngozi. Nenda kwake. Achana na hao wa kukutazama kutoka kwa kaunta."

"Nikienda peke yangu, nikirudi nitasema nini? Hataamini maneno yangu."

"Basi mpeleke mwenye swali."

Ntinyari alilala na neno hilo, akaamka nalo. Asubuhi alisimama nje ya jiko la mama mkwe, mbali na mlango kama mgeni mwenye ndui.

"Maitu. Kuna daktari. Sikuombi uniamini. Nakuomba twende, umsikie wewe mwenyewe, kwa masikio yako."

Moshi ulitoka mlangoni. Kisha, "Na akisema umenyoa?"

"Akisema hivyo, nitarudi kwetu Nkubu."

Aliyasema hayo akijua kuna jambo moja ambalo hakuna mganga angeweza kulifuta. Alikuwa amenyoa kweli. Vile vishungi vya nyuma alivipitisha wembe kwa mkono wake. Daktari akiona alama, akiuliza, atajibu nini?

Basi ndiyo maana uliwaona wakiingia lango lile, mmoja huku na mwingine kule.

Walikaa kwenye benchi, mmoja kila mwisho, katikati yao watoto wenye upele na mzee mwenye kidonda. Walipoitwa waliingia wote wawili. Daktari Kathurima alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliposikia jina Ntinyari, uso ukamkunjuka, akamsalimu kwa Kimeru, naye Ntinyari, ambaye hakuwa amesikia lugha ya mama yake tangu mwaka mpya, akajibu kabla hajafikiri.

Fimbo ikapiga sakafu.

"Hapana! Hapana, daktari! Hapa tunaongea lugha masikio yangu inajua. Nyinyi mkianza hiyo yenu, mtanizika na niko hai."

"Pole, mama," daktari akasema. "Kiswahili, basi."

"Kiswahili yangu ni ya kununua chumvi, lakini itatosha."

"Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Ni huyu," Wakonyo akasema. "Lakini jibu ni yangu."

Ntinyari akavua leso. Akavua kofia. Alipofika kwenye kitambaa, fundo likamshinda, akalichokonoa kwa kucha. Daktari akangoja. Mwishowe kitambaa kikaanguka mapajani, na mwanga wa dirisha ukatua juu ya kichwa kitupu, kinang'aa. Wakonyo akageuza uso kutazama ukuta.

Daktari alitazama kwa kioo cha kukuzia vitu, akizunguka taratibu kama mtu anayekagua yai. Akatazama nyusi, zilikuwa zimeanza kupungua. Akatazama kucha. Akauliza swali ambalo Ntinyari alikuwa akilisikia kichwani njia nzima.

"Ulinyoa?"

Mtoto alilia nje akanyamazishwa. Akisema hapana, mzee aliuona wembe. Akisema ndiyo, watoto wamekwenda.

"Nilinyoa," akasema. "Vishungi vilivyobaki. Nyuma hapa, na juu ya sikio. Niliambiwa dawa haifiki."

"Umesikia, daktari?" Wakonyo alisimama. "Amesema kwa mdomo yake! Sijamsukuma!"

"Nimesikia, mama. Keti kidogo. Alinyoa lini?"

"Kabla ya sikukuu ya Madaraka, ya Juni. Nilimpata na wembe."

"Na sasa Julai inakwisha." Daktari akaegemea meza. "Mama, wewe umewahi kunyoa mtu kichwa?"

Kwa mtu aliyeokoka, swali hilo lilikuwa kama kuulizwa kuhusu pombe. "Nimenyoa," akasema. "Wengi."

"Ukinyoa mtu kwa wembe, ukikaa majuma kama haya, kichwa inakuwa namna gani?"

"Inakuwa kama shamba ya ngano imevunwa. Visiki. Ukipitisha mkono inachoma."

"Yote?"

"Pahali wembe ilipita, yote. Wembe haing'oi. Inakata tu."

"Basi weka mkono hapa uniambie."

Nikikuambia Wakonyo aliogopa, nitakuwa nimesema kidogo. Alizaa watoto wengi na akabaki na Wahome peke yake. Alitazama kiganja chake, alichowanyolea wajane, akakifuta kwenye koti, mbele na nyuma. Midomo ilikuwa ikisema jambo, sala au jina. Na chini yake Ntinyari ameinama, anaona sakafu tu na viatu vya mzee, naye ana hofu yake. Vipi kama vile vishungi viliota tena kidogo, visiki vichache tu, kisha vikagoma? Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kujigusa kichwa, kwa kuchoka kupata majibu.

Viatu vikasogea hatua. Vikasimama. Vikasogea.

Mkono ukatua. Ulikuwa wa baridi na mgumu. Ulikaa utosini bila kwenda popote. Kisha kazi ya zamani ikaurudia mkono wenyewe: ukashuka pembeni, ukapanda kinyume, namna anavyopima mtu anayejua nywele hulala upande gani. Juu ya sikio. Mbele. Juu ya sikio la pili.

"Hakuna," Wakonyo alinong'ona. Sasa mikono ilikuwa miwili. "Hakuna kisiki. Hapa alinyoa, niliona kwa macho yangu, na hakuna. Ni kama goti ya mtoto." Kisha vidole vikafika kisogoni vikasimama. "Ngoja. Hapa kuna kitu."

Ntinyari akafunga macho.

"Inachoma?" daktari akauliza.

"Haichomi. Ni... kama ya kifaranga. Laini."

Daktari akasogeza kioo chake. "Naiona. Nyeupe. Hiyo si ya wembe, mama, ni nywele inajaribu kurudi. Pengine itashika, pengine itaanguka tena." Akawakalisha wote wawili, safari hii viti karibu. "Sikilizeni. Mwili uko na askari wake wa kuulinda. Mara nyingine askari hao wanakosea nyumba, wanampiga mwenyewe. Wamepiga nywele, hata zile alinyoa zikaanguka; ndiyo maana hukupata kisiki. Hakuna mtu amemroga, hajaroga mtu, na haiambukizi hata mkivaa kitambaa kimoja. Nitampa dawa ya kupaka, yenye nguvu kuliko ile, na atakuwa akikuja kwangu. Nywele zinaweza kurudi zote. Zinaweza kurudi kidogo. Zinaweza kukataa. Mimi siwezi kuwadanganya."

Ntinyari akasema sentensi moja kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake. Fimbo haikupiga sakafu. Wakonyo alitazama dirishani, maana kuna maswali ambayo sauti peke yake inayatafsiri.

"Hapana," daktari akajibu kwa Kiswahili. "Nywele kuanguka hivi si huo ugonjwa. Ukitaka damu ipimwe roho itulie, pima. Lakini si huo uliokuleta."

Alipima. Aliporudi baadaye kuongezewa dawa aliambiwa hana, na alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia kama mtu aliyefiwa.

Lakini turudi siku ile. Katika gari la kurudi Wakonyo alikuja akaketi kando yake, magoti kwa magoti. Gari lilipita Karatina.

"Maitu," Ntinyari akasema, "watoto watalala kwangu leo?"

Mzee alivuta pumzi. "Mkono wangu umejua. Lakini mdomo wangu ulitangulia kijijini, na maneno hayana kamba ya kuyavutia nyuma. Nikiwarudisha leo kimya kimya, halafu lori ya Wahome ipasuke hata gurudumu, watasema Wakonyo aliona wembe akafunga macho. Ngoja kikundi kije kwangu. Jumapili ya mwisho wa Agosti ni zamu yangu. Nitasema mbele yao nilikosea. Na wao watashika wenyewe, mmoja mmoja, wale wazee ninaowajua, ambao mikono yao imenyoa kama yangu. Siku hiyo hiyo watoto watatoka kwangu kuja kwako mbele ya watu wote, na hakuna atakayefungua mdomo tena."

Ntinyari alikiona kichwa chake kitupu katikati ya chumba cha wanawake, na mikono inakuja. Lakini aliiona pia sufuria ndogo.

"Sawa, Maitu."

Wakonyo, mtu wa kufanya jambo lote au kuliacha lote, hakungoja Jumapili. Alianza kulitangaza kisimani, sokoni, mlangoni mwa kanisa. "Mtakuja mshike! Ni yai! Mkipata kisiki kimoja, hata kimoja, mniite mwongo!" Na wanawake wakaanza kuisubiri siku ile kama harusi.

Wiki zikapita. Wahome alituma salamu kwa dereva mwenzake, atafika Septemba. Ntinyari alipaka dawa asubuhi na jioni. Kisogo hakukigusa kwa kidole kitupu, alipaka kwa pamba, akipitisha upesi. Aliogopa tumaini kuliko alivyoogopa wembe.

Jumapili ile aliamka mapema, akafagia kiwanja chote, akapiga pasi nguo nyeupe ya kanisani. Alipofika kwenye dawa, pamba ilikuwa imekwisha. Akatumia kidole.

Kisogoni kidole kikakwaruzwa.

Akarudia. Hazikuwa laini tena kama za kifaranga. Zilikuwa fupi, nyingi, ngumu, zimesimama. Akachukua kioo, akakishika nyuma mbele ya kioo kingine, akapindisha shingo. Nyeusi. Kiraka cheusi kama kiganja cha mtoto, na ukipitisha mkono kinachoma. Kitu alichokiombea kwa magoti tangu mvua ndefu kilikuwa kimekuja, na ningependa kukuambia alivyofurahi. Lakini furaha haikufika hata kwenye mashavu. Ikageuka ndani yake, ikawa baridi. Kwa sababu mkono wowote uliowahi kunyoa, ukigusa kiraka kile, ungesema neno moja tu. Visiki. Na daktari, aliyejua kutofautisha, alikuwa Kianyaga, tena siku ya Alhamisi tu.

Nje wanawake wa kikundi waliimba. Walikuwa wameshaanza kuingia kwa Wakonyo, vikombe vinagongana, na sauti ya mzee ilisikika juu ya zote, yenye furaha, yenye kiburi cha mtu anayekwenda kusafishwa: "Ketini, ketini! Leo mtaona! Mutahi, Shosho, vaeni viatu, leo mnakwenda kwenu!"

Kisha akaita kutoka mlangoni, ameweka kiganja juu ya macho kwa sababu ya jua. "Mama Mutahi! Njoo, mwanangu! Wanakungoja!"

Ntinyari alitoka. Alikuwa amefunga kile kitambaa cha kahawia, mkono mmoja nyuma, umeshika fundo. Kutoka kwake mpaka mlango wa mama mkwe kulikuwa na kiwanja kidogo tu alichokifagia asubuhi. Akikaza fundo akatae, watoto watarudi ndani na viatu vyao. Akimvuta Wakonyo kando amnong'oneze, wanawake wataona wakinong'ona. Akifungua, mkono wa kwanza utakwenda utosini, na wa pili, au wa tatu, utashuka kisogoni.

Wewe uliyemfuata toka Kianyaga mpaka hapa, niambie: ungefungua?